JEEVANJEE: TAJIRI ALIYEUZA MDOMO WAKE

Hapa stendi ya Bweri tuna ugonjwa mmoja. Tajiri akishusha jezi na mipira, vijana tunapiga makofi hadi viganja vinauma. Magazeti tunasoma vichwa vya habari tu, tumesimama, halafu tunabishana kutwa nzima. Gazeti lenyewe ni la nani? Hakuna anayeuliza!

Basi sikieni kisa cha Mhindi mmoja wa hapo jirani, ng'ambo ya Sirari.

Alibhai Mulla Jeevanjee alizaliwa Karachi mwaka 1856. Utajiri wake ulinona kwa tenda za Waingereza: ndiye aliyewaletea vibarua kutoka India kujenga reli ya kutoka Mombasa. Mwaka 1902 akaanzisha gazeti mjini humo, African Standard. Mwaka 1905 akawauzia Waingereza wawili.

Biashara ni biashara, mtasema. Haya! Wanunuzi wakalibatiza East African Standard, likawa tarumbeta la masetla. Masetla wale wale waliojitengea ardhi nono ya nyanda za juu na kumfungia Mhindi mlango (Mwafrika mwenye ardhi yake hakuulizwa kabisa).

Jeevanjee alipambana nao, hilo simnyimi. Alikuwa mjumbe wa kwanza asiye Mzungu katika Baraza la Kutunga Sheria, na alifunga safari hadi London kulalamika. Lakini alipambana mikono mitupu, silaha alishawauzia adui. Ikabidi Wahindi waanze upya. Ndipo Manilal Desai akaja na East African Chronicle, na ofisini kwake Harry Thuku akapata mahali pa kufanyia kazi yake ya kudai haki za Waafrika.

Leo Jeevanjee anakumbukwa kwa nini? Bustani! Aliitoa kwa wakazi wa Nairobi mwaka 1906, akasimamisha humo sanamu ya Malkia Victoria. Mwaka 1991 wakubwa wakaitolea macho, wakitaka kujenga maegesho ya magari. Fedha ya marehemu haikuiokoa. Aliyeiokoa ni mjukuu wake, Zarina Patel, pamoja na wananchi waliokataa kunyamaza. Hata zawadi ya tajiri, jamani, ililindwa kwa mdomo!

Kwa hiyo mfadhili akija tena Bweri na jezi zake, pokeeni, sisi si wajinga. Ila mmoja wenu asogee mbele, amuulize huku anapigwa picha: hiyo kamera ni ya nani?