MTOTO HADEKI KWA KUBEBWA

Ndugu wafanya kazi wa Lamu, wako wanaume wasemao mtoto akilia aachwe, asije akadeka. Si kweli! Mwaka 1954 Bibi Mary Ainsworth alianza kuwatazama watoto 28 na mama zao katika vijiji vya Buganda. Mtoto aliyeitikiwa vema na mamaye hakulia ovyo; alitambaa mbali bila hofu, akijua pa kurudi.

Je, mama wa Amu au Faza amwitikieje mwanawe naye yu kazini tangu alfajiri? Sheria ya Kazi ya 2007 yampa miezi 3 ya uzazi kwa mshahara kamili. Sheria ya Afya ya 2017 yamtaka mwajiri aweke chumba cha kunyonyeshea. Tudai vyote viwili! Nasi akina baba tuna majuma 2: tusiyamalize barazani.