Dawa za nano: Hataza si kisingizio tena

Watafiti wa Marekani, Ulaya na Asia wanaendelea kutafuta namna ya kuifikisha dawa ya saratani kwenye uvimbe wenyewe, ikiwa imefungwa ndani ya chembe zinazopimwa kwa nanomita, ili isiudhuru moyo na uboho wa mgonjwa kabla ya kufika inakotakiwa. Kazi hiyo inastahili kuungwa mkono. Lakini ni haki kuuliza nani atafaidika nayo, maana rekodi ya miaka 30 iliyopita haizipi sifa serikali za Afrika Mashariki.

Mwaka 1995 Marekani iliidhinisha Doxil, dawa ya saratani ya kwanza ya aina hiyo: doksorubisini iliyowekwa ndani ya vifuko vidogo mno vya mafuta. Ugonjwa ulioanza kuidhinishiwa ulikuwa saratani ya Kaposi kwa wagonjwa wa UKIMWI. Ugonjwa huo si mgeni kwetu. Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1967, ilikuwa ikiutibu kabla dunia haijalisikia jina la UKIMWI. Hata hivyo, wagonjwa wengi wa ukanda huu hawajawahi kutundikiwa dripu ya dawa hiyo.

Wenye mamlaka wana hoja zao, na si haki kuzipuuza. Bajeti ni finyu. Paklitakseli ya kawaida, dawa ya saratani isiyo ya nano, ni nafuu zaidi, na majaribio yaliyofanyika katika nchi kadhaa za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2020, yalionyesha kuwa inazishinda tiba nyingine mbili zilizolinganishwa nayo kwa wagonjwa wa Kaposi. Sayansi yenyewe nayo bado inadaiwa: uchambuzi wa watafiti wa Toronto wa mwaka 2016, uliopitia tafiti nyingi zilizofanywa kwa wanyama, ulikuta kwamba kwa kawaida ni asilimia 0.7 tu ya chembe zilizodungwa zilizofika kwenye uvimbe. Waziri anayesita kutoa fedha za umma kwa sababu ya ahadi tupu hajakosea.

Lakini kusita si ruhusa ya kukaa bila kujiandaa. Doxil ilipoadimika mwaka 2011, Marekani yenyewe iliruhusu mwaka uliofuata dawa kama hiyo iingizwe kutoka India, na mwaka 2013 ikaidhinisha toleo mbadala la kampuni ya Sun Pharma. Hataza basi haiwezi kuendelea kutajwa kuwa ndiyo kizuizi. Kizuizi kilichobaki ni cha nyumbani. Dawa ya nano haikaguliwi kwa kutazama kiambato na kipimo pekee. Ukubwa wa chembe au utando wake ukibadilika kidogo, dawa mbili zenye kiambato kilekile zinaweza kwenda tofauti kabisa mwilini. Mamlaka ya dawa isiyo na maabara wala wataalamu wa kuyapima hayo itaikataa dawa nzuri kwa hofu, au itaipitisha mbovu kwa kutojua, na katika hali zote mbili anayeumia ni mgonjwa.

Uwezo huo ni ghali kwa nchi moja, jambo ambalo tunalikubali. Ndiyo maana upo mkataba wa Wakala wa Dawa wa Afrika, ulioanza kutumika mwaka 2021, makao yake yakiwa Kigali. Kuuridhia na kisha kutouchangia ni kuutia saini mzaha.

Lipo pia suala la majaribio. Watengenezaji wa dawa mpya wanahitaji wagonjwa, na wagonjwa tunao. Azimio la Helsinki kuhusu maadili ya utafiti wa tiba linataka mipango ya kuwapatia washiriki tiba iliyothibitika kuwafaa iwekwe kabla jaribio halijaanza. Kamati za maadili zisipitishe jaribio lolote la dawa hizi bila masharti ya maandishi kuhusu upatikanaji na bei nchini. Miili ya wananchi si ya kuazimwa bure.

Nayo mabunge yasiidhinishe bajeti ijayo ya wizara za afya kabla mawaziri hawajaeleza dawa hizi zitapimwa katika maabara ipi, kuanzia lini, na kwa fedha zipi.