"Amejitakia": tuliache hili neno

Vijana wenzetu, na nyinyi wafanyakazi wa mashirika mnaotusoma, leo tuko na ugomvi na neno moja.

Mama mmoja wa zoni yetu alienda kutafuta kuni nje ya mpaka wa kambi. Alipigwa huko, akanyang'anywa panga na kuni zenyewe. Alipofika kueleza, aliyekaa mezani akamjibu: "Si ulijua ni marufuku? Umejitakia." Hata pole hakupewa.

Tuliangalie neno lenyewe. Limetoka kwenye kutaka. Anayejitakia ameiona shari, ana njia nyingine, na bado anaifuata shari. Kijana akilewa, akapanda pikipiki usiku bila taa, akavunjika mguu, sawa, alijitakia. Na huyo pia anafungwa plasta. Lakini yule mama alitaka nini? Alitaka maharage yaive. Maharage ya mgao hayaliwi mabichi.

Kambi yetu ya Nyarugusu ipo tangu 1996, na wengi wetu tumezaliwa humu. Kutoka bila kibali ni kosa. Mwaka 2023 mgao ulishuka mpaka nusu. Sasa mtu akiuza bakuli la unga apate sabuni na chumvi, halafu unga ukaisha kabla ya mgao mwingine, eti amejitakia. Msichana akipewa mimba na mwanaume aliyemnunulia viatu, eti amejitakia. Mwenzetu akijaribu kujitoa uhai, hata huyo amejitakia! Na hilo la mwisho tunalisema sisi wenyewe, mabombani, tukipanga foleni ya maji. Tusiwasingizie wa mashirika peke yao. Huyo mtu amejidhuru kwa sababu ameumia. Anahitaji wa kukaa naye, si wa kumhukumu.

Wazee husema msiba wa kujitakia hauna kilio. Ndiyo maana neno hili linapendwa. Likishatamkwa, hakuna wa kulia, hakuna wa kuandika ripoti, hakuna wa kuuliza juu ya nini kuni ziko mbali hivyo.

Ombi letu ni dogo. Kabla hujalisema, jiulize: alikuwa na njia gani nyingine? Ukiiona, mwonyeshe, lakini pole itangulie. Usipoiona, nyamaza, umsindikize mpaka pa kusaidiwa.