Chai ya Rangi Ionekane Ikiiva

MEZANI, na Zuhura Mbaraka

Katika nyumba nyingi za kwetu chai huivia gizani. Majani hutupwa sufuriani, yakachemshwa, yakachujwa, chai ikafungiwa kwenye chupa, na mnywaji hukutana nayo ikiwa tayari kikombeni. Sina ugomvi na sufuria. Msibani, au ofisini penye watu wengi, hakuna kinachoishinda. Ila chai ya jioni, ya mtu mmoja au wawili, ya rangi isiyoguswa na maziwa, hiyo nasema iandaliwe kwenye buli la kioo, kwa sababu nusu ya utamu wake uko machoni.

Tia majani makavu, mimina maji yanayotokota, usikoroge. Mwanzoni majani huelea, maana yamebeba hewa. Yakishalowa huzama moja moja, na kila linaloshuka huacha nyuma yake uzi wa rangi. Uzi huo hauendi ovyo: maji yaliyokwisha kupokea chai ni mazito kidogo kuliko mengine, ndiyo maana rangi hujikusanya chini kwanza, halafu hupanda taratibu. Huanza manjano, ikawa shaba, ikaingia wekundu. Wekundu ule na mng'ao wake huzaliwa kiwandani, jani linapopondwa na kuachwa lipigwe na hewa; sisi tunautoa tu. Dakika tatu hadi tano zinatosha, lakini ukishaizoea chai yako hutaitazama saa.

Kioo hakifichi ubaya pia. Maji ya visima vingi vya pwani yamepita kwenye mawe ya matumbawe, yamebeba chokaa, na chokaa hiyo huifubaza chai na kuivisha utando juu. Ndani ya birika la bati huyaoni hayo. Mwenye buli la kioo huyaona siku ya kwanza, akaanza kukinga maji ya mvua kwa ajili ya chai yake.

Na jani lenyewe utalijua. Chai nyingi ya Kenya na Tanzania hupita kwenye mashine za kuponda, kurarua na kukunja, ufundi uliotoka Assam miaka ya 1930. Hutoka punje ndogo ngumu zinazotoa rangi upesi, na kwa chai ya maziwa sijaona bora kuliko hizo. Lakini jani lililoviringishwa zima ndilo karamu ya kioo: hujikunjua polepole mpaka ukaziona kingo zake zenye meno. Huko Hangzhou, China, chai ya Longjing hutiwa kwenye bilauri ndefu yenye maji ya nyuzi joto 80 hivi, na watu hukaa kuyatazama machipukizi yakisimama wima ndani ya maji kabla ya kunywa. Nasi tunayo ya kutazama. Watafiti wa Kenya walitoa mwaka 2011 aina ya mchai wenye majani ya zambarau. Majani yake yakikaushwa bila kuachwa yachachuke, kamulia ndimu kwenye chai yake uone inavyogeuka waridi mbele yako.

Wengi huogopa kupasua. Glasi ya kawaida hupasuka kwa kuwa upande wa ndani hutanuka ghafla huku wa nje ungali baridi. Mjerumani Otto Schott, katika mji wa Jena, mwishoni mwa karne ya 19, alichanganya boroni kwenye kioo, kikawa kinatanuka kiasi cha theluthi tu ya kile cha kawaida. Kioo cha Jena hicho hicho ndicho Wilhelm Wagenfeld alichobunia buli lake la mwaka 1931, jepesi, lisilo na pambo hata moja, kwa sababu pambo ni chai. Basi dukani uliza kama chombo kinahimili moto. Kama unayo glasi ya kawaida tu, ipashe kwanza kwa maji ya uvuguvugu.

Linaloniudhi ni kwamba jani zima ni shida kulipata kwenye maduka ya mitaani. Kenya pekee husafirisha nje zaidi ya asilimia 90 ya chai yake, na chai nzuri ya Rungwe na Nandi hunywewa na watu wasiojua milima yetu ilivyo. Wenye viwanda, tufungieni pakiti ndogo, hata za gramu 50, za jani zima, mziweke rafu moja na zile za kila siku. Wanunuzi tupo.