Mali Bila Daftari: Zana za Programu Huria na Wajibu wa Mwanakiswahili

Mwanafunzi anayechapa tasnifu yake kwa Kiswahili amekwisha kuzoea kuona kioo cha tarakilishi kikijaa mistari myekundu. Neno fasaha kama *hawatampikia* hupigiwa mstari kana kwamba ni kosa, ilhali neno la Kiingereza lililopotoka kidogo husahihishwa papo hapo. Wengi hulaumu mashine, huizima huduma ya tahajia na kuendelea na kazi. Ni wachache wanaouliza kihakiki hicho kimeundwaje, na ni nani mwenye ruhusa ya kukirekebisha. Jibu la swali la pili lingewashangaza: mara nyingi, mwenye ruhusa ni yeyote yule.

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Mali inayozungumziwa hapa ni programu huria, yaani programu ambazo msimbo wake uko wazi. Leseni zake humpa kila mtu uhuru wa kuitumia programu kwa kusudi lolote, kuchunguza inavyofanya kazi, kuirekebisha, na kuwagawia wengine nakala. Tangu Richard Stallman alipotangaza mradi wa GNU mwaka 1983, ghala la mali hii limezidi kujaa. Kinachokosekana katika idara za Kiswahili ni daftari: ujuzi wa zana zipi zipo, zinafaa kwa kazi gani, na zinamhitaji nani ili zikamilike.

Mfano ulio karibu zaidi na mwanakiswahili ni Hunspell. Kihakiki tahajia hiki kilibuniwa na László Németh kwa ajili ya Kihungaria, lugha ambayo, kama Kiswahili, hurundika viambishi kwenye mzizi mmoja. Leo hutumiwa ndani ya LibreOffice, Firefox na Chrome. Mtayarishi wa programu yeyote anayetaka kuandaa kihariri cha matini au ukurasa wa kujazia fomu anaweza kukitwaa bila kulipa hata senti. Kwa kila lugha, Hunspell huhitaji faili mbili za maandishi ya kawaida. Ya kwanza ni orodha ya maneno. Ya pili ni kanuni za uambishaji. Faili hizo huandikwa kwa kihariri chochote sahili, na anayeziandika hahitaji kuwa mhandisi.

Anachohitaji ni sarufi. Hebu kichukuliwe kitenzi *pika*. Nafsi 6 na njeo 4 zinazalisha maumbo 24. Kauli 5 za *pika, pikia, pikwa, pikisha* na *pikika* zikiingizwa, maumbo yanafika 120, na hapo bado yambwa, ngeli nyingine, ukanushi na urejeshi. Kuorodhesha maumbo hayo yote kwa vitenzi vyote ni kazi isiyo na mwisho. Sharti ziandikwe kanuni: kwamba *pika* huwa *pikia* lakini *soma* huwa *somea*, kwamba kanusho la *amepika* ni *hajapika*, wala si *hamepika*, kwamba *la* na *nywa* huishikilia *ku-* katika *anakula* na *anakunywa*, kisha huiacha katika *asile* na *asinywe*.

Tena upo mtego. Kwa kawaida Hunspell huvua tabaka mbili za viambishi tamati, lakini tabaka moja tu ya viambishi awali. Ipo amri ya kuugeuza mpangilio huo, ila hapo viambishi tamati ndivyo vinavyobakiwa na tabaka moja. *Hawatampikia* lina viambishi vinne mbele ya mzizi. Kwa hiyo mwandishi wa kanuni hulazimika kuviunganisha viambishi awali na kuviandika kama kimoja, naye ni lazima ajue ni miungano ipi iliyo halali katika lugha. Mtayarishi wa programu asiyesoma mofolojia atakwama hapa, hata akiwa hodari namna gani. Mwanafunzi wa mwaka wa pili aliyefaulu somo la mofolojia hatakwama. Inasikitisha kwamba watu hawa wawili husoma katika majengo yanayotazamana na hawajuani.

Zana nyingine zinasubiri vivyo hivyo. Praat, iliyotungwa na Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, huchanganua sauti za usemi na ingemsaidia mtafiti wa lahaja yoyote ya pwani. Git, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005, huhifadhi historia ya kila badiliko katika faili, kiasi kwamba watu kumi wanaweza kuihariri orodha moja ya maneno bila kuharibiana kazi. Common Voice ya Mozilla hukusanya sauti za wazungumzaji wa kujitolea, Kiswahili kikiwemo, na kuzitoa huru kwa watayarishi wa programu zinazotambua usemi. Kama sauti za lahaja fulani hazimo, mashine haitaielewa lahaja hiyo.

Zana hizi hugunduliwaje? Kwa sasa, kwa bahati. Rafiki humnong'oneza rafiki, naye asiye na rafiki mjuzi hubaki gizani. Hata anayetafuta mwenyewe hukuta maelfu ya miradi, mingine hai na mingine iliyokufa zamani, na maelezo karibu yote ni ya Kiingereza. Kuchagua nako kuna kanuni. Isomwe leseni kwanza, kwa kuwa msimbo unaoonekana si lazima uwe huru. Itazamwe tarehe ya badiliko la mwisho. Yachunguzwe malalamiko ya watumiaji na jinsi yanavyojibiwa. Mwisho, zana ijaribiwe kwa kazi ndogo kabla ya kukabidhiwa kazi kubwa.

Wapo watakaopinga kwamba bure hii ina gharama: tarakilishi, umeme, intaneti na muda. Hoja yao ina uzito, na historia inawaunga mkono. Mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, tafsiri ya Kiswahili ya programu huria ya ofisini. Ilikuwa hatua ya kujivunia. Hata hivyo programu hukua kila mwaka. Mwaka 2010 baadhi ya watayarishi wa OpenOffice walijitenga na kuanzisha LibreOffice, na kila toleo jipya huja na istilahi mpya zinazodai kutafsiriwa. Tafsiri ya mara moja haitoshi. Inahitajika jumuiya isiyokauka, na idara ya Kiswahili hupokea wanafunzi wapya kila mwaka. Hakuna chemchemi bora kuliko hiyo.

Wengine watadai kwamba kazi hii ni ya wahandisi. Lakini kamusi haikuachiwa wapiga chapa, eti kwa kuwa wao ndio wenye mitambo.

Basi chama cha wanafunzi na kianzishe daftari. Kila zana ipewe ukurasa mmoja kwa Kiswahili sanifu: jina lake, kazi yake, leseni yake, upungufu wake katika Kiswahili, na mwanafunzi aliyeijaribu. Mhadhiri wa mofolojia anaweza kutoa kanuni za kundi moja la vitenzi kuwa zoezi la muhula, na majibu bora yakatiwa katika faili ya Hunspell badala ya kuozea kabatini. Orodha ya maneno ikusanywe upya kutoka katika matini zilizoruhusiwa, wala isinakiliwe kutoka katika kamusi yenye haki ya mchapishaji.

Siku *hawatampikia* litakapochapwa bila kupigiwa mstari, mchapaji hatajua ni nani aliyeandika kanuni yake. Jina litakuwamo daftarini.