Ndoa Batili, Watoto Halali
Parokiani tunasikia mara nyingi: "Kanisa limevunja ndoa ya fulani." Sivyo. Ikitamka kuwa ndoa ni batili, mahakama ya Kanisa haijavunja kitu. Imethibitisha kwamba kifungo hakikuwepo tangu siku ya arusi, kwa mfano kwa sababu mmoja alilazimishwa kukubali. Mtaani neno hilo huangukia watoto, wakaitwa wa haramu. Hilo ni kosa, tena linaumiza. Kanuni ya 1137 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 inawatambua kuwa halali hata watoto wa ndoa iliyodhaniwa halali, ikiwa angalau mmoja wa wazazi aliifunga kwa nia njema. Sisi mafrateri tuwaeleze waamini neno hili kwa Kiswahili chepesi. Watoto wasiadhibiwe kwa neno lisiloeleweka.