KIJANA AENDAPO BEIJING: KURIPOTI KWANZA, KUTANDIKA BAADAYE

Askari anapohamishiwa kambi mpya hatangulii kutandika kitanda. Hutangulia kuripoti kwa mkuu wa zamu, jina lake likaandikwa, ndipo akaonyeshwa mahali pa kulala. Desturi hiyo, ambayo kila mke wa askari anaifahamu, ndiyo imfaayo pia kijana wa Afrika ya Mashariki anayekwenda kusoma Beijing, mji mkuu wa China wenye wakazi zaidi ya milioni 20, kwa mpango wa vyuo vikuu wa kubadilishana wanafunzi. Mwanafunzi wa namna hiyo hubaki na nafasi yake katika chuo cha nyumbani, husoma ugenini kwa muhula mmoja au mwaka mmoja, kisha hurejea kumaliza masomo. Muda wake ni mfupi. Akipoteza miezi miwili kwa kutangatanga, amepoteza sehemu kubwa ya safari.

Aidha, kijana hasafiri peke yake. Jamaa wanaobaki nyumbani nao wana wajibu wao, na mara nyingi wao ndio wanaomfanya atulie au ahangaike.

SAA 24 ZA MWANZO

Sheria ya China ya kuingia na kutoka nchini, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2013, inamtaka kila mgeni asiyelala hotelini aandikishwe polisi katika muda wa saa 24 tangu afike anapokaa. Anayepuuza huonywa, na aweza kutozwa faini isiyozidi yuan 2,000. Anayekaa bwenini humwona msimamizi wa bweni au ofisi ya wanafunzi wa kigeni akiwa na pasipoti yake. Anayepanga nyumba mtaani hufuata taratibu za kituo cha polisi cha eneo lake. Akihama nyumba, huandikishwa upya.

Ikiwa masomo yatazidi siku 180, huingia kwa visa iitwayo X1, na katika siku 30 za mwanzo hana budi kuomba kibali cha kukaa. Shughuli hiyo humtaka aiache pasipoti yake ofisini kwa siku kadhaa na kupewa stakabadhi. Basi asipange safari ya mbali wiki hizo. Ni jambo la busara wazazi wabaki na nakala za pasipoti, visa na barua ya chuo, zikae mahali pamoja na hati nyingine za nyumba.

Kijana asishangae pia akiona kwamba katika kila kituo cha treni ya chini ya ardhi mizigo hupitishwa katika mashine ya ukaguzi. Kisu cha jikoni alichonunua sokoni chaweza kuzuiwa hapo. Huo ni utaratibu wa wote, si dharau kwa mgeni.

SIMU INAPONYAMAZA

Hapa ndipo familia nyingi hupata fadhaa. WhatsApp, ambayo jamaa wengi huitegemea, haifanyi kazi China kama ifanyavyo kwetu. Kijana hutua, simu ikanyamaza, na mama asiyejua sababu hukesha akilia. Dawa yake ni ndogo, lakini yafaa itumike kabla ya safari: kijana na angalau mtu mmoja wa nyumbani wajiunge na WeChat, wajaribu kuongea wangali pamoja, kisha wakubaliane siku na saa ya mazungumzo. Beijing imetangulia Afrika ya Mashariki kwa saa tano. Baba anayepiga simu saa mbili usiku baada ya chakula anamwamsha mwanawe saa saba usiku. Saa nane mchana siku ya Jumapili ni afadhali. Huko ni saa moja jioni.

WeChat hiyo pamoja na Alipay ndizo pia mifuko ya fedha ya mji ule. Muuza mboga, kinyozi na dereva wa teksi hulipwa kwa simu. Noti bado ni halali, ila kupata chenji kwaweza kuwa taabu. Kwetu, tuliozoea kutuma na kupokea fedha kwa simu, si jambo geni. Linalotakiwa ni kulishughulikia mapema.

BARIDI, CHAKULA NA LUGHA

Beijing ina majira ya baridi kavu, na mwezi wa Januari maji huganda nje. Joto la mabomba majumbani kwa kawaida huwashwa tarehe 15 Novemba na kuzimwa tarehe 15 Machi. Majuma yanayotangulia ndiyo yenye udhia, kwa kuwa baridi huingia na mabomba bado ni baridi. Mzazi asitumie fedha nyingi kununua koti zito nyumbani. Huko yapo yaliyoshonwa kwa baridi ile. Ampe sweta mbili za kuanzia na mafuta ya ngozi, kwani hewa kavu hupasua midomo na mikono.

Kaskazini mwa China ngano hutawala meza: tambi, na mikate laini ya mvuke iitwayo mantou. Hata hivyo unga wa mahindi haukosekani, na wenyeji huufanya uji, au hupika wotou, kibumba kilichochongoka kama pia. Mtoto aliyelelewa kwa ugali hatakufa njaa.

Lugha ndiyo mlima. Neno moja, “ma”, kwa kupandisha, kushusha au kuvuta sauti, laweza kuwa mama, katani, farasi, au kukaripia. Kiswahili hakina mambo hayo, lakini Kiganda na Kinyarwanda vinayo, na kijana aliyekua akisema lugha za namna hiyo amekwisha kuzoeza sikio lake. Saa moja ya kusema na wenyeji kila siku humfaa kuliko jioni nzima ya kukaa na wenzake wa nyumbani, ingawa hao nao asiwatupe, kwani upweke huuma. Si jambo jipya: mwaka 1963 Mghana Emmanuel Hevi alichapisha kitabu juu ya taabu za wanafunzi wa Kiafrika katika China ya wakati ule.

WASIOSAFIRI

Mwisho, jamaa wamwondolee kijana mzigo usio wake. Anayekwenda kusoma hakuajiriwa. Kazi ya nje ya chuo huhitaji idhini ya chuo na ya idara ya uhamiaji. Asiye nayo akikamatwa hutozwa yuan 5,000 hadi 20,000, na kosa likiwa zito aweza kuwekwa kizuizini siku 5 hadi 15. Mjomba anayemtumia ujumbe kila juma akidai fedha za bati anamsukuma mpwa wake kwenye mlango huo. Ukoo uliochanga nauli kwa taabu ukae kikao kabla ya safari, useme wazi kwamba hautarajii kitu ila masomo na salama yake.

Wahenga walinena: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Kijana atarudi. Arudi na elimu aliyoifuata, na jina lake likiwa safi katika daftari la wenyeji wake.